Wazee wa Chapa wa La Rochelle

Najua nimekuwa kimya muda mrefu, na Dada ameshanisema kwenye simu kwamba ukurasa huu umeota nyasi. Basi leo naandika ndefu, chukueni chai kabisa. Na Baba Mdogo naomba asomewe hadi mwisho, maana yeye yumo.

Mwezi uliopita tulifiwa na Mtanzania mwenzetu hapa Johannesburg, na katika kugawana kazi mimi nikapewa ya kuchapisha ratiba ya ibada. Nikaenda kwenye duka dogo la uchapaji hapa hapa La Rochelle, mitaa mitatu kutoka ninapokaa. Kijana wa dukani akapokea fleshi yangu, akafungua faili, akang'arisha picha ya marehemu, akaniuliza kama rangi iko sawa, akabonyeza. Dakika 20 nakala 80 zimetoka na zimekunjwa. Wakati wa kutoka nikaona mlango umeshikiliwa wazi na kitu kizito cha kijivu, kama tofali dogo lililozungushiwa uzi. Nikakisukuma kwa mguu nipite. Loh! Mzee mmoja aliyekuwa amekaa pembeni kwenye kiti cha plastiki akanipigia kelele kwa Kireno kana kwamba nimemkanyaga mtoto.

Kabla sijaendelea, niwaeleze mtaa wenyewe. La Rochelle iko kusini mwa jiji, jirani na Turffontein na Rosettenville. Jina ni la mji wa Ufaransa, lakini msitegemee Wafaransa. Kwa miaka mingi hapa palikuwa pa Wareno. Walitoka kisiwa cha Madeira, kisha baada ya 1975, Msumbiji na Angola zilipopata uhuru, wakaja wengine wengi kutoka huko. Siku hizi wengi wao wamehama, na tumeingia sisi: Wasumbiji, Wakongo, Wanigeria, Wazimbabwe, na Watanzania wachache. Lakini wazee wa Kireno wapo bado. Huyu wa dukani ni mmoja wao, na kijana ni mjukuu wake. Watu wanamwita Tio, yaani mjomba, na mimi nikamwita hivyo hivyo.

Nilipomwomba radhi akapoa. Akaniita nikae, akaokota lile tofali, akaliweka mezani. Hapo nikaona kwamba ni mistari ya maandishi, ya risasi. Risasi ya madini, si ya bunduki. Kila mstari kipande kimoja, herufi zimechomoza juu, na zote zimegeuka kama unazitazama kwenye kioo. Tio hakuvaa hata miwani. Akapitisha kidole akasoma mstari wa kwanza kama anasoma jina lake: etaoin shrdlu.

Nikadhani ni Kireno. Akacheka mpaka akakohoa.

Ngoja niwaeleze nilichojifunza siku ile na Jumamosi kadhaa zilizofuata, maana nilirudi. Tio alizaliwa Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, mwaka 1947. Akiwa na miaka 14 aliingizwa kwenye kiwanda cha chapa kujifunza kazi. Alianza na kupanga herufi moja moja kwa mkono, kisha akapandishwa kwenye mashine iitwayo Linotype. Mashine hii aliibuni Ottmar Mergenthaler, Mjerumani aliyehamia Marekani, na gazeti la kwanza kuitumia lilikuwa New York Tribune mwaka 1886. Ilitawala magazeti ya dunia kwa karibu miaka 90.

Fundi anakaa mbele yake kama mpiga taipu. Kila akigusa kitufe, kikalibu kidogo cha shaba chenye umbo la herufi kinashuka kutoka ghala lililo juu ya mashine. Mstari ukijaa, anausukuma kwenye chungu cha risasi iliyoyeyuka, iliyochanganywa na bati na antimoni, joto nyuzi 280 hivi. Risasi inaingia kwenye vile vikalibu, inaganda papo hapo, na mstari mzima unadondoka kwenye trei bado wa moto. Halafu mkono mrefu wa chuma unashuka, unaokota vikalibu vyote, unavirudisha juu, kila kimoja kwenye njia yake. Tio anasema kelele zake zilikuwa kama za mtu anayemwaga vijiko kwenye beseni, kutwa nzima.

Sasa hiyo etaoin shrdlu. Vitufe vya mashine vilikuwa 90, na vimepangwa kwa kufuata herufi zinazotumika sana katika Kiingereza. Safu ya kwanza ukishuka ni e, t, a, o, i, n. Ya pili ni s, h, r, d, l, u. Fundi akikosea katikati ya mstari hawezi kufuta, kwa hiyo alipitisha kidole harakaharaka juu ya safu hizo mbili ili mstari ujae, utoke, utupwe. Mara nyingine ukasahaulika, ukaingia gazetini, na wasomaji asubuhi wakajiuliza ni lugha gani. Kwa hiyo mstari ambao Tio ameutunza miaka yote hii ni mstari wa kosa.

Jioni ile nikampigia Baba Mdogo. Wote mnajua alifanya kazi ya chapa Dar es Salaam, lakini niambieni ukweli, nani kati yetu aliwahi kumuuliza alikuwa anafanya nini hasa? Mimi sikuwahi. Nilipomtajia etaoin alinyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Mwanangu, k iko safu ya nne." Nikamwuliza maana yake nini. Akasema mashine ile ilitengenezwa kwa Waingereza ambao k kwao ni herufi ya nadra, wakaitupa mbali huko pamoja na v na j. Na Kiswahili bila k unaandikaje? Kitabu, kikapu, kikombe, kukaa, kukataa! Basi mkono wa kulia ulikuwa safarini siku nzima.

Akaniambia kabla ya mashine ilikuwa taabu zaidi. Walikuwa wanapanga herufi kwa mkono kutoka kwenye masanduku yenye vyumba, chumba kimoja kwa kila herufi. Seti za herufi zilikuja kutoka Ulaya zimehesabiwa kwa lugha zao: e za kumwaga, q na x ambazo sisi hatuna kazi nazo, lakini a na k hazitoshi. Wakipanga kurasa mbili tatu, a zimekwisha. Inabidi kurasa zile zichapwe kwanza, kisha herufi zioshwe, zirudishwe moja moja kwenye vyumba vyake, ndipo ukurasa unaofuata uanze. Kila nikiona kitabu cha zamani cha Kiswahili sasa nakitazama kwa heshima tofauti.

Na kazi hiyo kwetu ni ya zamani sana. Askofu Edward Steere na wenzake wa misheni ya UMCA walikuwa na mtambo wa chapa Zanzibar tangu miaka ya 1860, na waliopanga herufi walikuwa vijana, wengi wao watoto waliookolewa utumwani. Mwaka 1888 vijana wa Kiungani walikuwa na gazeti lao, Msimulizi. Tanga mwaka 1904 likatoka Kiongozi, enzi za Wajerumani. Kusini, misheni za Ndanda na Peramiho zikawa na viwanda vyao vya chapa, na kule kusini ndiko Baba Mdogo alikojifunzia. Kwa hiyo kwetu Mwafrika kushika herufi halikuwa jambo la ajabu. Shikeni neno hilo, maana huku lilikuwa la ajabu.

Jumamosi ya pili pale dukani nilimkuta mzee mwingine. Huyu ni Msotho wa Soweto, mrefu, mtulivu, koti na tai siku ya joto. Nikamsalimia kwa kumwita Ntate kama ilivyo desturi. Yeye na Tio walifanya kazi jengo moja katikati ya jiji. Ntate aliingia pale mwaka 1970 akiwa kijana wa miaka 19. Tio akaja 1975 na sanduku moja, mke, na Kiingereza cha kuombea maji tu. Wiki ya pili Tio alikaa kwenye Linotype akapanga habari za Kiingereza, lugha asiyoijua, akifuata herufi kwa herufi. Ntate, anayesema Kiingereza, Kiafrikana, Kisotho na Kizulu, kazi yake ilikuwa kuyeyusha risasi iliyotumika, kuimwaga kwenye kalibu, na kuwapelekea mafundi vipande vipya wavitumbukize kwenye chungu.

Sababu ni sheria na desturi zilizoshonwa pamoja. Sheria ya Uanagenzi ya 1922 iliweka masharti ya elimu ambayo vijana wengi wa Kiafrika hawakuwa na njia ya kuyatimiza, maana shule zenyewe walinyimwa. Sheria ya 1924 ya usuluhishi wa viwandani ikawatoa Waafrika wenye kubeba pasi katika maana ya neno "mfanyakazi", kwa hiyo vyama vilivyosajiliwa havikuwa vyao. Na chama cha wapanga chapa, kilichoanzishwa 1898, kililinda mlango kwa nguvu zote. Si kwamba Waafrika walishindwa kujifunza. Misheni ya Lovedale, Rasi ya Mashariki, ilikuwa inawafundisha uchapaji na ujalidi tangu 1861! Lakini Johannesburg, kwenye magazeti na viwanda vikubwa, kitufe kilikuwa cha mzungu.

Ntate alijifunza kusoma maandishi yaliyogeuzwa kwa kutazama tu, akiwa amebeba trei. Akiona kosa hakuruhusiwa kugusa. Alikuwa anaweka kidole karibu na mstari, bila kusema kitu, anaondoka. Tio ndiye aliyenisimulia hilo, si Ntate. Alisema, "Mwaka wa kwanza aliniokoa na kufukuzwa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Sikuwahi kusema asante, kwa sababu kusema asante kungekuwa kumsema." Ntate akaitikia tu kwa kichwa.

Jambo jingine. Mafundi walikuwa wanapewa maziwa kila siku, kwa imani kwamba yanazuia sumu ya risasi. Leo tunajua kwamba hayazuii. Lakini Ntate, aliyekuwa anasimama juu ya sufuria lenyewe la risasi, hakuwa kwenye orodha ya maziwa.

Haya, mabadiliko sasa. Watu hudhani siku moja kompyuta iliingia na chapa ya zamani ikatoka. Sivyo. Yalikuwa mawimbi mawili, na hapo ndipo penye kisa.

Wimbi la kwanza lilikuwa la filamu. Maandishi yakaanza kupigwa kwa mwanga juu ya karatasi ya picha badala ya kumiminwa kwa risasi. New York Times ilimiminia risasi toleo lake la mwisho usiku wa kuamkia tarehe 2 Julai 1978, na miaka ile ile viwanda vya Johannesburg navyo vilikuwa vinang'oa Linotype. Tio anakumbuka zikivunjwa kwa nyundo na kuuzwa kama chuma chakavu. Alilia. Kazi mpya ilikuwa ya mkasi na nta: unakata vipande vya maandishi, unavibandika kwenye karatasi ya ukurasa, vinyooke. Kisha kamera kubwa kama chumba inaupiga picha ukurasa, na filamu zinapangwa juu ya meza ya taa kabla ya kutengeneza pleti.

Na wakati huo huo sheria ikalegea. Tume ya Wiehahn ilitoa ripoti 1979, vyama vya wafanyakazi Waafrika vikaruhusiwa kusajiliwa, na sheria mpya ya mafunzo ya 1981 ikafungua uanagenzi. Ntate akiwa na miaka 30 na watoto wawili akaandikishwa mwanagenzi, akakaa darasani na vijana wa miaka 17. Mwaka 1986 akapata cheti cha kupanga filamu. Picha ya rangi ilihitaji filamu nne: samawati, waridi iliyokolea, njano na nyeusi, na kila moja ina nukta zake zimelala kwa mshazari wa aina yake. Zikiteleza unene wa nywele, mtu kwenye picha ana midomo minne. Ntate alikuwa anazilinganisha kwa lenzi na mkono mtupu. Tio anasema kiwandani hakukuwa na mwingine kama yeye.

Sasa angalieni tarehe. Ntate alianza mafunzo baada ya 1981, akamaliza 1986. Katikati hapo, Januari 1984, kampuni ya Apple ilitoa kompyuta ya Macintosh. Mwaka 1985 ikaja printa yake ya leza iliyotumia lugha ya PostScript ya Adobe, na mwaka huo huo programu ya PageMaker ya kampuni ya Aldus. Vitu hivyo vitatu vikiwekwa juu ya meza moja, mtu mmoja anaandika, anapanga ukurasa na kuutoa, bila risasi, bila nta. Hilo ndilo wimbi la pili.

Na Johannesburg haikusubiri. Gazeti la Rand Daily Mail, lililoanzishwa 1902 na lililokuwa linaupinga ubaguzi, lilifungwa tarehe 30 Aprili 1985. Baadhi ya waandishi waliopoteza kazi wakachanga kiinua mgongo chao, na Juni mwaka huo huo wakatoa gazeti dogo, Weekly Mail, wakiongozwa na Anton Harber na Irwin Manoim. Wasingeweza kumudu chumba cha mafundi na mitambo. Wakawa miongoni mwa magazeti ya kwanza kabisa duniani kupangwa kwa kompyuta ndogo za Macintosh. Serikali ya makaburu ililifungia kwa muda mwaka 1988, lakini halikufa, na leo linaitwa Mail & Guardian. Kwa hiyo mashine ile iliwapa sauti watu ambao mlango wa uchapaji ulikuwa umefungwa kwao kwa fedha.

Lakini upande wa pili wa shilingi upo. London, Januari 1986, Rupert Murdoch alihamishia magazeti yake kwenye kiwanda kipya cha Wapping, na wafanyakazi zaidi ya 5,000 waliogoma wakafukuzwa. Huku hakukuwa na vita ya namna hiyo. Watu waliondoka mmoja mmoja, kimya kimya. Tio aliondoka 1996. Wakati huo Photoshop ilikuwa na miaka sita, na mashine za kuandika pleti moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta zilikuwa zimeanza kuuzwa. Pleti ikiandikwa moja kwa moja, filamu ya nini? Na bila filamu, mpanga filamu wa nini? Mwaka 2002 waajiri wake Ntate wakampa notisi. Kompyuta walifundishwa vijana, yeye hakuitwa. Cheti alichokingoja tangu 1970 alikitumia miaka 16.

Nikamwuliza kama ana uchungu. Akasema hivi: "Walifungua mlango, nikaingia, nikakuta wanatoa viti." Tio akataka kuchekesha, akasema hata yeye alitolewa kiti. Ntate akamjibu kwa upole, "Ndiyo, kaka, lakini wewe ulikuwa umekikalia." Tukanyamaza wote. Mjukuu naye aliacha kubofya kipanya.

Nimelifikiria sana neno lile. Hapa kila mtu anasema kompyuta iliua kazi ya chapa, na wengine wanasema kompyuta iliwakomboa watu. Kwa nilivyoona pale dukani yote mawili ni kweli, na yanaweza kumpata mtu mmoja. Mashine haikuuliza nani alikaa foleni muda gani. Kijana wa dukani anafanya kwa dakika 20 kazi ya vyumba vinne, na anaifanya vizuri. Ila nilipomwonyesha nukta za rangi kwenye ratiba yangu ya msiba, hakujua kwa nini zimelala kwa mshazari. Babu yake amekaa hatua mbili kutoka kwake, na Ntate huja kila Jumamosi. Alikuwa hajawahi kuwauliza. Sasa anauliza. Wiki iliyopita nilimkuta Ntate amemshikisha lenzi, anamwonyesha.

Nami nilikuwa nani wa kumcheka? Baba Mdogo alipunguzwa kazi 1995 kwenye kiwanda kimoja cha Dar, akarudi nyumbani na boksi. Tulikuwa watoto. Alikuwa anasoma gazeti hata likiwa limepinduliwa juu chini, na sisi tukamwita "Msoma Kinyume", tukacheka. Akaacha kusoma mbele yetu. Kumbe tulikuwa tunacheka ufundi wake wa miaka 27.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Moja, kile chuma chake kirefu chenye ukingo, ambacho sisi tulikifanya gari, ndicho alichokuwa anashika mkono wa kushoto kupangia herufi. Kama bado kiko uani, jamani msikiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu! Kifutwe, kiwekwe ndani. Pili, Kaka, wewe uliye karibu naye, chukua simu yako, kaa naye, mrekodi. Macho yake yanafifia lakini kumbukumbu bado kali. Muulize walifanyaje k zilipokwisha.

Na wewe Baba Mdogo, kama umesomewa mpaka hapa: shikamoo, na utusamehe. Tio anakusalimu. Nilimweleza kwamba ile meza yenu ya kupangia na kwetu tunaiita meza, kama wao wanavyosema mesa, akafurahi sana. Ntate ameniuliza kama na wewe ulikuwa unapewa maziwa. Nimemwambia nitakuuliza.

Nawapenda wote. Baridi ya Johannesburg imeanza, niombeeni.